Lugha ya Darasa la Upishi: Uhakiki wa Istilahi katika Vijitabu vya Mafunzo ya Jioni

1. Utangulizi

Elimu ya watu wazima katika Tanzania haikuanza leo kushughulika na habari za chakula. Mwaka 1975, miaka miwili baada ya kampeni ya Mtu ni Afya, ilifanyika kampeni ya Chakula ni Uhai, ambayo iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipata sheria yake, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanzishwa kwa kufuata mfano wa Uswidi. Lugha ya shughuli zote hizo ilikuwa Kiswahili. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1994, iliundwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na kozi fupi za ufundi zikazidi kuwafikia watu waliokwisha kuacha shule zamani. Miongoni mwa kozi hizo ni upishi na uokaji.

Wanaohudhuria madarasa haya, hasa yale ya jioni, ni watu wa kila namna: mama lishe anayetaka kupika kwa ajili ya sherehe, kijana aliyemaliza shule na anayetazamia kazi ya hoteli, karani anayetafuta kipato cha pili, na mstaafu anayekusudia kufungua duka la mikate. Kinachowaunganisha ni kwamba hujilipia ada wenyewe, na mara nyingi hujinunulia vifaa wenyewe. Mwanafunzi wa sarufi akikosea hufuta alichoandika. Mwanafunzi wa uokaji akikosea hutupa unga, mayai na siagi. Kwa hiyo lugha ya maelezo anayopewa si jambo la pambo.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zinazotumika katika vijitabu na makaratasi ya mafunzo yanayogawiwa katika madarasa hayo. Vijitabu tulivyovisoma hatutavitaja, kwa kuwa kasoro zake si za mwandishi mmoja wala chuo kimoja. Hoja yetu ni hii: kasoro kubwa ya vijitabu hivi si upungufu wa maneno katika Kiswahili, bali ni kwamba waandishi wake wamefasiri neno la Kiingereza badala ya kulitaja tendo la mpishi. Neno la Kiswahili lenye kulitaja tendo hilo, mara nyingi, lipo tangu zamani katika jiko la mwambao na la bara, ila mfasiri hakwenda kulitafuta huko.

2. Neno lililofasiriwa na tendo lililosahauliwa

Tuanze na mifano mitatu inayolingana.

Katika maelezo ya keki nyepesi, mwanafunzi huambiwa apige mayai na sukari mpaka yafure na kuwa meupe, kisha "akunje unga ndani ya mayai". Mwanafunzi anayekijua Kiswahili hujiuliza unga unakunjwaje, kwa maana kinachokunjwa ni nguo, karatasi, mkeka au chapati. Kinachotakiwa hapa ni kuingiza mwiko mpaka chini ya bakuli, kuuinua, na kuyageuza yaliyo chini yaje juu, polepole, ili hewa iliyokusanywa katika mayai isipotee. Kiingereza kimeliita tendo hili kwa neno lenye maana ya kukunja kwa sababu zake chenyewe. Kiswahili hakina wajibu wa kuzirithi sababu hizo. Sisi tunasema kupindua, na tunao mtindo wa kurudufu shina kuonyesha tendo linalorudiwa taratibu. Kupinduapindua unga katika mayai kunaeleweka hata kwa mtu ambaye hajapata kuiona keki hiyo.

Mfano wa pili ni wa siagi na unga. Kijitabu kimoja kinasema: "sugua siagi kwenye unga". Kusugua ni kazi ya sakafu, sufuria na visigino. Mpishi anayetengeneza biskuti au visheti huchukua siagi na unga kwa ncha za vidole, akavisaga kidogo kidogo baina ya vidole mpaka viwe kama chenga. Tendo hili lina jina lake: kufikicha. Tunafikicha majani makavu, tunafikicha suke la nafaka ili kupata punje. Ni vigumu kupata neno lililo sahihi zaidi ya hili, na ni ajabu kwamba halimo katika vijitabu vyote tulivyovisoma.

Mfano wa tatu ndio wenye madhara zaidi. Baada ya donge la unga kukandwa, huachwa mahali penye joto ili livimbe. Waokaji wa Kiingereza wameliita tendo hili kwa neno ambalo kwingineko lina maana ya kuthibitisha, na kweli tumekuta karatasi inayomwagiza mwanafunzi "aache donge lithibitike kwa saa moja". Hapa lugha imeshindwa kabisa kuwa lugha. Kila mama anayepika maandazi anajua kwamba unga huumuka, na kwamba hamira ndiyo inayouumua. Kutokana na kitenzi hiki tunapata vyote tunavyovihitaji: kuumua, kuumuka, kuumulia, uumuaji. Kabati lenye joto na unyevu linalotumika katika viwanda vya mikate laweza kuitwa kabati la kuumulia, bila kuazima silabi hata moja.

Mifano hii mitatu inaonyesha utaratibu mmoja. Mfasiri alifungua kamusi ya lugha mbili, akachukua maana ya kwanza aliyoiona, akaendelea na kazi. Hakusimama mezani penye unga na kujiuliza: mkono unafanya nini, na kitu kinageuka kuwa nini? Katika istilahi za ufundi maswali haya mawili hutangulia kamusi.

3. Hamira ipi?

Lipo kundi jingine la kasoro, ambalo haliletwi na tafsiri bali na jina moja kubebeshwa vitu vingi. Mfano ulio wazi ni hamira.

Hamira kwa asili yake ni kitu chenye uhai. Ni vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikinaswa ndani ya donge lililokandwa vizuri, donge huumuka. Kazi hii huchukua muda, huenda vizuri katika vuguvugu la nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi, na husimama kabisa joto likifika karibu nyuzi 60, kwa kuwa vijimea hivyo hufa. Ndiyo maana mwenye kumimina maji ya moto juu ya hamira hupata mkate mzito kama tofali.

Sasa madukani na katika vijitabu tunakuta "hamira ya chenga" na "hamira ya unga". Hamira ya chenga haina utata. Ni hamira iliyokaushwa. Lakini hamira ya unga, kwa watu wengine, ni hamira hiyohiyo iliyosagwa laini, na kwa wengine ni ile poda ya kikemia inayotiwa katika keki, isiyo na uhai wowote. Vitu hivi viwili havifanani kwa lolote ila kwa kuvimbisha. Poda ile ni mchanganyiko wa bikabonati na asidi kavu. Huanza kutoa hewa mara ipatapo maji, na huendelea ipatapo joto la oveni. Haingojewi saa moja, wala haihitaji sukari. Mwanafunzi aliyeandikiwa "vijiko viwili vya hamira ya unga" bila maelezo zaidi, akatia hamira ya uhai katika keki na kuioka papo hapo, atapata keki iliyolala. Akitia poda katika mkate na kuungoja usiku kucha, hatapata mkate. Katika hali zote mbili ataambiwa kwamba hakuzingatia maelekezo, ilhali aliyazingatia.

Mambo huzidi kuharibika tunapofika kwenye bikabonati yenyewe. Vijitabu huiita "soda", na pengine "magadi" au "magadi soda". Soda kwa Mswahili wa leo ni kinywaji cha chupa. Magadi nayo ni madini ya asili yanayopatikana katika maziwa ya Bonde la Ufa, ambayo wapishi wetu hutia katika maharage au mboga ngumu ili vilainike upesi. Magadi hayo yana ukali kuliko bikabonati, na huacha ladha mbaya yakizidi. Kuliweka jina moja juu ya vitu viwili vyenye nguvu tofauti ni kumtega mwanafunzi.

Pendekezo letu ni kwamba vitu vyote vinavyovimbisha viwe na jina moja la jumla, nalo ni kiumuo, kwa kufuata mtindo wa kizibo na kifuniko. Chini ya jina hilo pawe na vitu vitatu vyenye majina yasiyoingiliana: hamira kwa kile chenye uhai, kiwe cha chenga au kilichosagwa, poda ya kuumulia kwa ule mchanganyiko wa kikemia, na bikabonati kwa chumvi ile ambayo haifanyi kazi ipasavyo mpaka ikutane na kitu kichachu, kama vile maziwa ya mgando au maji ya ndimu. Jina "hamira ya unga" liachwe kabisa katika maandishi ya mafunzo.

4. Maneno ya kukopa yaliyobadili makao

Wako wanaodhani kwamba dawa ya yote haya ni kukopa neno la Kiingereza na kuliandika kwa herufi zetu. Kukopa si haramu. Keki, biskuti, krimu na oveni zimekwisha kuwa raia wa Kiswahili. Lakini neno la kukopa likishaingia jikoni kwetu hujipatia maisha yake, na mara nyingi halirudi tena lilikotoka.

Chukua rosti. Katika Kiingereza neno lililoizaa rosti lina maana ya nyama iliyopikwa kwa joto kavu ndani ya oveni au mbele ya moto. Katika hoteli zetu ndogo, mtu akiagiza kuku wa rosti huletewa kuku aliye katika mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Maana mbili hizi zinapingana: moja ni ya ukavu, nyingine ya mchuzi. Chukua pia skonzi. Huko Uingereza kitu chenye jina hilo huvimbishwa kwa poda, hakikandwi sana, nacho huliwa siku ileile. Skonzi ya Tanzania ni mkate mdogo laini, wa hamira, uliokandwa na kuumuliwa. Kijitabu kinachofundisha "skonzi" kwa kunakili kitabu cha Kiingereza humpa mwanafunzi kitu ambacho wateja wake watakikataa, nao watakuwa na haki.

Haifai kusema kwamba wananchi wamekosea. Maana ya neno ni ile inayokubaliwa na wasemaji wake. Mwandishi wa mafunzo ndiye anayepaswa kujua kwamba rosti ya Kiswahili ni mchuzi, na kwamba kwa kile cha joto kavu anacho kitenzi kuoka. Hapa napo pana kazi ya kupambanua. Katika matumizi ya kawaida kuoka na kuchoma huingiliana. Kwa ajili ya ufundi tunashauri kuoka kuwekewe mpaka: ni kupika kwa joto kavu linalokizunguka kitu pande zote, kama ndani ya oveni au tanuri. Kuchoma kuwe ni kupika juu ya moto ulio wazi, joto likitoka upande mmoja. Kubanika kubaki kwa kitu kilichochomekwa kijitini au kilichowekwa juu ya uchanja karibu na moto.

Oveni na tanuri nazo zisigombane. Wapo wanaotaka oveni ifutwe kwa kuwa tanuri lipo. Lakini tanuri, au tanuru, kwa wengi ni la matofali na chokaa. Kwa uokaji linafaa kuitwa hivyo lile jiko kubwa la matofali au udongo, kama lile la mkate wa mofa. Kisanduku cha chuma chenye mlango na kipimo cha joto kibaki kuwa oveni, jina ambalo fundi anayekiunda na mteja anayekinunua wote wanalijua.

5. Hazina ya jikoni

Yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kina kuinjika na kuepua kwa kuweka chombo motoni na kukiondoa. Kina kupwaza kwa kuchemsha mihogo au ndizi bila kuviunga, na kuunga kwa kutia vitunguu, mafuta, nyanya au tui ili chakula kipate ladha. Kina kasimile kwa tui zito la kwanza. Kina kuchunga na kuchekecha, kukoroga na kuvuruga, kusonga na kukanda. Anayepika mkate wa kumimina kwa desturi huroweka mchele, akausaga kwa tui, akatia hamira na iliki, akaungoja uumuke, akaumimina katika chombo kilichopakwa mafuta, kisha akaupalia, yaani akaweka makaa juu ya kifuniko ili upate moto wa juu na wa chini. Kupalia ni neno moja linaloeleza kanuni nzima ya joto ambayo mwalimu wa uokaji huhitaji sentensi tatu kuieleza. Kwa nini mwanafunzi asifundishwe moto wa juu wa oveni kwa kuanzia kwenye kupalia anakokujua?

Utaratibu wa kuunda istilahi unaokubalika kwetu hutuagiza tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo twende nje. Katika upishi hatua ya kwanza tu, ikifuatwa kwa uaminifu, ingemaliza sehemu kubwa ya kazi. Tofauti za mahali zisitutishe. Mombasa husema mahamri na Dar es Salaam husema maandazi. Unguja wana boflo. Haya ni majina ya vyakula, na kila mji ubaki na yake. Kinachohitaji kusanifiwa ni majina ya matendo, vifaa na vipimo.

Kuhusu vipimo lazima tuseme neno. Maelezo ya "unga kiasi" na "oka mpaka iive" yanamtosha binti anayejifunza kando ya mama yake, kwa kuwa jicho la mama lipo. Hayamtoshi anayetaka kuuza mikate iliyo sawa kila siku. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochungwa havilingani uzito. Kwa hiyo mwokaji wa kazi hupima kwa mizani, na huhesabu kila kitu kwa kuulinganisha na unga, ambao huwekwa kuwa 100. Kwa gramu 1,000 za unga, maji gramu 600 ni 60 kwa mia, chumvi gramu 20 ni 2 kwa mia, na hamira kavu gramu 10 ni 1 kwa mia. Hesabu hii tunapendekeza iitwe uwiano wa unga. Anayeijua aweza kuoka mikate kumi au elfu bila kitabu kingine. Vivyo hivyo, badala ya "mpaka iive", kijitabu kitaje nyuzi za joto, dakika, na dalili: mkate ukigongwa chini utoe mlio wa kitu kilicho wazi, kijiti kikichomwa katika keki kitoke kikavu.

6. Pingamizi na jibu

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba mwanafunzi atakwenda kuajiriwa katika hoteli ya watalii, ambako orodha ya vyakula na maagizo ya mpishi mkuu ni kwa Kiingereza. Basi Kiswahili cha nini? Pingamizi hili lina ukweli, na halifai kudharauliwa. Lakini linachanganya mambo mawili. Kujua jina la tendo kwa Kiingereza ni jambo moja. Kulijua tendo ni jambo jingine. Aliyefundishwa kufikicha na kupinduapindua kwa lugha anayoielewa atajifunza majina ya kigeni kwa muda mfupi, kwa sababu ana mahali pa kuyatundika. Aliyepewa maneno ya kigeni yaliyovishwa Kiswahili kibovu hana tendo wala jina. Tena si wote wanaokwenda hotelini. Wengi watauza kwa majirani, mashuleni na sherehe za arusi, na wateja hao huagiza kwa Kiswahili.

7. Mapendekezo

Kwa ajili ya kujadiliwa, tunatoa orodha hii fupi:

Upishi: ufundi au kazi ya kupika. Mapishi: vyakula vipikwavyo au namna za kuvipika. Kozi iitwe ya upishi.
Uokaji: ufundi wa kuoka mikate, keki na biskuti. Mwokaji: mwenye ufundi huo.
Donge: unga uliokandwa kwa maji au kitu kingine cha majimaji.
Rojo: mchanganyiko wa unga ulio mwepesi wa kumiminwa.
Kufikicha: kuchanganya mafuta magumu na unga kwa ncha za vidole mpaka viwe chenga.
Kupinduapindua: kuchanganya kwa kugeuza taratibu bila kupoteza hewa.
Kiumuo: kitu chochote kinachovimbisha donge au rojo.
Kuumua, kuumuka: kuvimbisha donge, donge kuvimba.
Kabati la kuumulia: kabati lenye joto na unyevu wa kuumulia donge.
Moto wa kupalia: joto litokalo juu ya chakula.
Uwiano wa unga: hesabu ya viambato kwa kulinganisha na uzito wa unga.

Pamoja na orodha tunaleta ombi moja la utaratibu. Istilahi za upishi zisipitishwe mezani peke yake. Kabla ya kikao, mkuza istilahi, mwalimu wa ufundi na mpishi mzoefu asiyejua Kiingereza wakae jikoni kwa siku moja, wapike chakula kimoja kwa kufuata maandishi yaliyopendekezwa, na kila neno litakalomsimamisha mpishi liandikwe pembeni. Maneno hayo yaliyoandikwa pembeni ndiyo yawe ajenda ya kikao.